Njaa, hamira na usafi wa seli: majibu kwa maswali yenu

Juzi niliandika aya mbili tu kuhusu otofaji, ile kazi ya seli ya kula vipande vyake yenyewe vilivyochakaa, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wengi mnauliza kuhusu kufunga. Nitaanza na hilo, ila nawaomba msiishie hapo. Swali lililonigusa zaidi limetoka Bungoma, na liko chini kidogo.

Mwalimu, hujambo. Kijana wa jimu anasema nikikaa saa 16 bila kula, mwili utajisafisha na magonjwa yote yatatoka. Nina kisukari na ninameza vidonge. Nianze? – Mama wa watoto watatu, Nakuru

Sijambo, mama. Usianze kabla hujaongea na kliniki yako. Kuna vidonge vya kisukari vinavyosukuma kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu. Ukivimeza usile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Jirani yangu mmoja tulimwokota sakafuni jikoni kwake asubuhi kwa sababu hiyo hiyo, na sitaki kusikia hivyo kukuhusu.

Tena otofaji haingoji saa 16. Inaendelea ndani yako sasa hivi, unaposoma. Njaa huiongeza, hilo ni kweli, lakini sehemu kubwa ya ushahidi imetoka kwa hamira na panya. Panya wa maabara akikosa chakula siku nzima hukonda vibaya. Siku moja kwake si sawa na siku moja kwako. Wala hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali cha kukuambia otofaji yako imepanda kiasi gani. Anayekutajia saa kamili anakisia.

Kuna unga unauzwa hapa stendi, eti unaamsha otofaji. Ni wa kweli? – Msomaji, Kisumu

Usinunue. Pesa hiyo nunua samaki.

Nani aligundua otofaji, na inafanyaje kazi? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kakamega

Jina lilitolewa mwaka 1963 na Christian de Duve, Mbelgiji aliyekuwa amekwisha kugundua lisosomu, kifuko chenye asidi na vimeng'enya vya kuvunjavunja vitu ndani ya seli. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya kujila. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyejua jeni zinazoiendesha.

Kisha akaja Yoshinori Ohsumi wa Japani. Mwaka 1988, akiwa na miaka 43, alianzisha maabara yake ndogo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akaamua kuchunguza vakuoli ya hamira, kifuko kikubwa kinachofanya kazi ya lisosomu ndani ya seli ya hamira, ambacho wenzake wengi walikiona kuwa jaa la taka tu. Naam, hamira ile ile inayoumua unga wa mandazi ya mama yako. Alichukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuvunja protini ndani ya vakuoli, akazinyima chakula. Alifikiri hivi: kama kweli seli inapeleka vitu huko vikavunjwe, basi visipovunjika vitarundikana. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika saa chache vakuoli zilijaa vifuko vidogo vidogo, vikaonekana kwa hadubini ya kawaida. Alichapisha hayo mwaka 1992, na mwaka uliofuata kundi lake likatambua jeni 15 zinazohitajika. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2016 alipewa peke yake. Mimi humpenda kwa sababu alichagua mahali ambapo hapakuwa na msongamano wa watu.

Kuhusu namna inavyofanya kazi, nenda kawatazame mafundi wa jua kali hapo mjini. Pipa kuukuu la mafuta linakatwa, linanyooshwa, kesho linakuwa jiko. Katika seli, utando mwembamba huota kama bakuli, ukakizunguka kitu kilichoharibika, ukajifunga ukawa mfuko. Mfuko huo huungana na lisosomu, vilivyomo vikavunjwa, na vipande vya protini vikarudi kujenga vipya.

Mimi ni mtu wa bodaboda Kondele, nimeanza dawa za TB. Rafiki ananiambia nifunge ili seli zile vijidudu. – Kisumu

La, ndugu yangu. Najua rafiki yako alikolitoa. Kijidudu cha TB hujificha ndani ya seli nyeupe ya damu na kukizuia kifuko kilimojificha kisifike kwenye lisosomu. Mwaka 2004 maabara ya Vojo Deretic huko Marekani ilionyesha kwamba otofaji ikichochewa katika seli hizo, vijidudu hupungua, na njia mojawapo ya kuichochea ilikuwa kuzinyima seli chakula. Lakini hizo zilikuwa seli katika kisahani. Mtu akikosa lishe, kinga ya mwili wake hudhoofika, na utapiamlo ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoipa TB nafasi duniani. Kula ugali, omena, mayai, maharage, na umalize dozi yako hata ukijisikia umepona.

Mwalimu, babu yetu anatetemeka mkono hata akiwa ameketi, na anaburuta miguu. Hospitali wamesema ni Parkinson. Ndugu wengine wanasema amerogwa. Uliandika kwamba seli hujisafisha. Je, zake zimekataa? – Mjukuu, Bungoma

Pole sana, na pole kwa mzee. Hajarogwa.

Parkinson ni ugonjwa wa seli za ubongo, na nyingi kati ya seli hizo hazibadilishwi kama za ngozi. Alizozaliwa nazo babu ndizo anazozeeka nazo, kwa hiyo usafi wake ni wa maisha yote. Panya walioondolewa jeni za otofaji katika seli za ubongo peke yake walirundika protini mbovu na kuanza kushindwa kutembea vizuri. Maabara mbili za Japani zilionyesha hayo mwaka 2006. Kuna pia familia ambazo Parkinson hutokana na hitilafu katika jeni mbili, PINK1 na parkini. Kazi yake ni kutia alama mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zilizoharibika ili ziondolewe, kama mti unaopakwa rangi kabla ya kuangushwa. Wagonjwa wengi hawana hitilafu hizo, hivyo simwambii mtu kwamba babu yako ni mmoja wao.

Dawa ya kurudisha usafi huo bado haipo, lakini levodopa husaidia mwendo. Ameze kwa saa zile zile kila siku, na asiichanganye na mlo mzito wa nyama au maharage, maana protini hupunguza kufyonzwa kwake. Na wale ndugu, wapelekeni kliniki pamoja naye wamsikie daktari wenyewe.

Otofaji inazuia saratani au inailisha? – Muuguzi, Siaya

Yote mawili. Katika seli yenye afya huondoa uchafu unaoweza kuharibu jeni. Uvimbe ukishakua, seli zilizo mbali na damu huitumia kustahimili njaa. Ndiyo sababu watafiti wamejaribu kuizuia kwa haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini iliyotuwasha ngozi zamani, kwa kuwa hupunguza asidi ya lisosomu.

Tunaweza kuona haya shuleni? – Mwalimu wa baiolojia, Vihiga

Vile vifuko vya Ohsumi, hapana; vinahitaji hamira maalumu. Lakini koroga hamira kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari, subiri dakika chache, weka tone kwenye kioo, ukuze mara 400. Duara jepesi ndani ya seli ndiyo vakuoli.