Ofisi Mpya ya Mashauri ya Ndoa: Mtaji wa Mwanzo Uende Wapi

Wakili anayefungua ofisi ya mashauri ya ndoa na mirathi Dar es Salaam hushawishika kumalizia mtaji kwenye pango la Posta na fenicha. Chumba kimoja chenye mlango unaofunga sawasawa kinatosha, ila sauti isitoke nje. Mteja wa talaka hatasema la maana kama walio kwenye benchi wanamsikia. Temeke panafaa, maana Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, yaani mahakama ya mashauri ya ndoa na mirathi, kiko huko.

Fedha nzito iende kwa karani mzuri, na afundishwe kupokea mteja. Hapo ndipo mashauri mengi huharibika. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ukiacha mazingira machache kama mwenzi kutoroka asijulikane alipo, talaka haiombwi mahakamani kabla ya kupita baraza la usuluhishi, na hati ya baraza, ile inayosema usuluhishi umeshindikana, isiwe imezidi miezi 6. Mteja huja na hati aliyoikunja kwenye pochi tangu mwaka jana. Karani asipoitazama tarehe, shauri linafunguliwa, linawekewa pingamizi, linatupwa, na mteja anarudi barazani akiwa ameshalipa ada. Huyo hakuletei ndugu yake. Tarehe ya hati na siku ya ukomo ziandikwe kwa wino mwekundu juu ya jalada. Ndoa isiyofikisha miaka 2 nayo inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Kinachofuata ni skana. Tangu Mahakama ya Rufani iamue shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa, lakini mchango huo lazima uthibitishwe. Mkataba wa kiwanja uliosainiwa serikali ya mtaa, risiti za saruji na mabati, taarifa za miamala ya simu: vyote vipigwe skana mbele ya mteja, na nakala halisi arudi nazo siku hiyo hiyo. Akina mama wengi hawana karatasi hata moja, kwa hiyo majina ya majirani na mafundi yachukuliwe mapema, kabla hawajahama.

Kwenye matangazo usitupe pesa, kanuni za maadili ya mawakili zinayabana. Wala usimlipe mtu kamisheni akuletee wateja.

Ada iwe ya maandishi na ilipwe kwa hatua: kufungua shauri, usikilizwaji, kisha utekelezaji wa hukumu. Wateja wa ndoa hulipa kidogo kidogo, kwa hiyo tenga mapema kodi ya pango na mshahara wa karani wa miezi 6.