Nyuzi 7 za goti la mama yule

Kijana mmoja anayesomea ubingwa wa mifupa ameniandikia: "Shikamoo Dokta. Nifanyeje goti bandia likae sawa?" Nilimjibu kwa kumsimulia mguu mmoja.

Alikuwa mama mwenye matege mguu wa kulia. Mfupa wa paja uliwahi kuvunjika utotoni, ukaunga ukiwa umepinda. Nami nilikuwa na eksirei fupi ya goti tu, siyo ile ndefu inayopigwa mgonjwa amesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo. Nikaingiza fimbo ya kuongoza msumeno ndani ya mfupa wa paja, nikaweka pembe ya nyuzi 6 kama nilivyozoea, nikakata, nikaweka goti bandia. Fimbo hufuata tundu la mfupa. Mfupa ukipinda, nayo inakupoteza. Mezani mguu ulinyooka machoni mwangu. Wiki ya sita aliposimama, goti lilikuwa bado limechomoza nje. Tukapima: mguu umepinda kwa nyuzi 7. "Mwanangu," akaniambia, "maumivu yamepungua, lakini mguu si ndio uleule?" Sikuwa na jibu. Hadi leo naisikia sauti yake.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Mstari tunaoutafuta unatoka katikati ya kichwa cha paja, unapita katikati ya goti, unashuka hadi katikati ya kifundo. Tumefundishwa usipotoke zaidi ya nyuzi 3. Uingereza mwaka 1991 walichapisha matokeo yao: katika magoti yaliyokaa karibu na mstari huo, 3% yalilegea, yaliyotoka, 24%. Najua hospitali ya Mayo, Marekani, mwaka 2010 hawakuona tofauti baada ya miaka 15, na wapo wanaokusudia kufuata umbile la mgonjwa mwenyewe. Hao wamechagua pembe yao. Mimi sikuchagua, nilikosea.

Pigeni picha ndefu. Pimeni pembe ya mgonjwa aliye mbele yenu. Kwenye muundi kumbukeni kwamba katikati halisi ya kifundo iko milimita chache upande wa ndani wa nusu ya umbali kati ya vinundu viwili vya mfupa vya kifundo. Na picha ndefu, narudia, msiiache kwa sababu foleni ya eksirei ni kubwa!

Mwezi uliopita mama yule alirudi na goti la kushoto. Alirudi kwangu. Kabla ya saruji ya kugandisha goti bandia, muuguzi alishika waya wa daiathemi, kifaa cha umeme cha kuzuia damu, juu ya alama tuliyoiweka nyongani kwa eksirei, mimi nikaushika kifundoni, tukauvuta. Ukapita katikati ya goti.