Maswali ya Wasomaji: Vibibi Wamejaa Dirishani

Leo safu yote tumempa mdudu mmoja: mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo mwenye mgongo mwekundu au wa rangi ya chungwa uliotapakaa madoa meusi. Bustanini ni rafiki, na tunaomba abaki rafiki. Shida huanza anapoingia nyumbani na wenzake mamia.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Kila baridi inapoanza, dirisha la chumba changu cha kulala hujaa vibibi. Jana nimehesabu zaidi ya sitini kwenye kona moja ya dari. Nikiwafagia leo, kesho wapo tena. Je, wanazaliana humu ndani? Na nitawatoaje?

JIBU: Pole sana, dada. Tuanze na hilo la kuzaliana: ndani hawazaliani. Kibibi jike hutaga kwenye majani yenye vidukari, wale wadudu laini wanaofyonza utomvu, kwa sababu hicho ndicho chakula cha watoto wake. Ukutani kwako hakuna vidukari, kwa hiyo mayai hayapo. Hawatafuni mbao, nguo wala unga. Wamekuja kulala tu. Hewa ikipoa hutafuta ufa mkavu wenye giza, hujibanza humo kwa makundi mpaka joto lirudi. Porini wangeingia kwenye nyufa za miamba au chini ya magome ya miti. Kwao nyumba yako ni mwamba mwingine tu. Hao wa kesho si wageni wapya. Ni walewale walioingia ukutani au darini wiki kadhaa nyuma. Jua likipiga ukuta au hita ikiwashwa, wachache huamka, hufuata mwanga na kuishia dirishani.

Mwenye tabia hii kuliko wote ni kibibi wa Asia, Harmonia axyridis. Alipelekwa Marekani na Ulaya kwa makusudi ili ale vidukari mashambani. Mwaka 1988 alikutwa akiishi mwenyewe nje huko Louisiana, na mwaka 2004 akafika Uingereza. Mtazame nyuma ya kichwa: kwenye kile kipande cheupe kinachotangulia mabawa kuna alama nyeusi yenye umbo la herufi M, au W ukimgeuza. Urefu wake ni milimita 5 hadi 8. Rangi isikudanganye, maana wapo wa njano, wa chungwa, wekundu, hata weusi wenye madoa mekundu, na wengine hawana doa hata moja.

Sasa kuwatoa. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, lakini usiwaache waingie kwenye mfuko wake. Humo hukanyagana, huachia maji yao ya njano yanayonuka, na hewa inayotoka nyuma ya mashine hueneza harufu nyumba nzima. Chukua soksi ya nailoni ya kike, kata kipande cha sentimita 25 chenye upande wa vidole. Kisukume ndani ya bomba la mashine, acha sentimita 5 zikunjwe nje ya mdomo, kisha kaza kwa mpira wa kufungia uliozungushwa mara mbili au tatu. Washa mashine kwa nguvu ndogo, pitisha mdomo sentimita moja hivi kutoka kwenye kundi. Watajaa ndani ya soksi wakiwa wazima. Hapa ndipo wengi hukosea: huzima mashine kwanza, na wadudu hutembea kurudi nje. Iache iendelee kuvuta, elekeza mdomo juu, ondoa mpira huku umeshika ukingo wa soksi, ivute na uifunge fundo palepale, ndipo uzime. Soksi ikijaa nusu, badilisha. Ikizidi hapo hewa haipiti na mashine hupata joto.

Kama huna mashine, chukua bakuli pana, tia lita 1 ya maji na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo. Lishike chini ya kundi na uwasukume taratibu kwa kadi ngumu. Kibibi akiguswa hukunja miguu na kuanguka, kwa hiyo bakuli liwe chini yake kabla hujamgusa. Sabuni haiachwi: kwenye maji matupu huelea na kupanda ukingoni, bali kwenye maji ya sabuni huzama.

Sisi tungependa uwaachie nje walio hai, ila iwe siku ya joto kidogo, na mbali na ukuta wa nyumba. Ukiwamwaga mlangoni wanarudi. Ukimaliza, futa kona na fremu kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kwani wanapokusanyika huacha alama ya harufu inayowaita wengine mahali palepale.

SWALI: Nilimponda kibibi mmoja kwenye pazia jeupe la pamba. Limebaki doa la njano na harufu mbaya sana. Doa linatoka?

JIBU: Linatoka, ukiwahi na usipotumia joto. Mtazame kibibi kwa karibu ukimgusa kwa ncha ya unyoya: anakunja miguu chini ya tumbo, na kwenye magoti yake vinajitokeza vitone vidogo vya rangi ya haradali. Hiyo ni damu yake, anaitoa makusudi. Ni chungu, inanuka, na ndege akionja humtema. Kwa hiyo hata usipomponda, kumtisha kunatosha kuchafua ukuta.

Kandamiza karatasi laini kavu juu ya doa bila kusugua, likiwa bado bichi. Suuza kwa maji baridi kupitia upande wa nyuma wa kitambaa. Paka sabuni ya maji, subiri dakika 15, suuza tena. Pamba nyeupe ikibaki na kivuli, weka hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika 10, kisha suuza vizuri. Ijaribu kwanza kwenye upindo usioonekana, na usiiguse kwenye sufu wala hariri. Pazia lisipigwe pasi mpaka doa liishe kabisa, maana moto huligandisha. Ukuta wenye rangi inayooshwa husafishwa kwa sifongo na sabuni. Kwenye rangi ya chokaa usitarajie mengi, huenda ukapaka upya sehemu hiyo.

Maji hayo ya kibibi yakigusa ngozi huacha rangi tu, lakini usijifikiche macho kabla ya kunawa. Wapo watu ambao miili yao inawakataa vibibi: mafua yasiyokwisha, macho kuwasha, hata kubanwa kifua, hasa vibibi wengi wanapokufa na kugeuka vumbi ndani ya nyumba. Mwenye pumu asifanye kazi ya kuwafagia, na dalili zikimjia kila msimu aonane na daktari.

SWALI: Kwa nini tusipulize dawa tu ndani ya nyufa tukamaliza?

JIBU: Kwa sababu hamtamaliza, ndugu yetu. Ukuta una nafasi ambazo dawa haifiki, na wale inaowafikia wanafia humo humo. Mizoga hiyo ni karamu ya mbawakawa wengine wadogo, wale ambao mabuu yao yenye manyoya hula wadudu waliokufa. Wakishamaliza mizoga huhamia kwenye zulia la sufu na nguo za kabati. Umeondoa mdudu asiyekula kitu chako, umealika anayekula. Tena ninyi ndio mnaolala na dawa hiyo chumbani.

Dawa ikiwa lazima, basi ni nje, kabla hawajaingia, na inapakwa kwenye njia zao tu: kuzunguka fremu, chini ya ukingo wa paa, penye matundu ya hewa. Iwe dawa ambayo karatasi yake inasema wazi kwamba ni ya kuta za nje, na kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa. Jua na mvua huidhoofisha, kwa hiyo ikipakwa mapema mno itakuwa imekwisha nguvu siku wanapokuja, na ikipakwa wakiwa tayari ukutani umechelewa.

Kuhusu kafuri, ambayo wengi mmeuliza: vibibi huikimbia kweli, lakini huyeyuka hewani na baada ya siku chache unaanza upya. Ni sumu ikimezwa, basi kwenye nyumba yenye watoto wadogo hatuishauri. Unga wa mdalasini au majani makavu tusiutegemee.

SWALI: Nataka wasiingie kabisa mwakani. Nianzie wapi? Na mbona jirani yangu hawapati?

JIBU: Hili ndilo swali tulilokuwa tukilisubiri, kaka, kwa sababu ushindi wa vita hii hupatikana au hupotea ukutani, mwisho wa majira ya joto, kabla kibibi wa kwanza hajatua.

Jirani yako huenda nyumba yake imejificha kivulini, au kuta zake hazina nyufa. Vibibi hupenda jengo lililo peke yake penye jua, lenye ukuta mweupe au wenye mistari ya rangi nyeusi na nyeupe inayoonekana kwa mbali. Wanatua kwanza upande unaopigwa na jua la mchana, wanaota jua, kisha wanatembea wakitafuta upenyo. Kaa nje alasiri moja yenye joto iliyofuata usiku wa baridi, na utawaona wanapoingilia. Weka alama ya chaki hapo.

Usiku, mtu mmoja abaki ndani gizani na mwingine azunguke nje na tochi kali, akimulika pembeni mwa fremu. Kila mstari wa mwanga unaouona ndani ni mlango wao. Pima kwa kadi ya benki: ikipenya mahali popote, ziba. Kibibi ni mnene mgongoni, lakini ana tumbo bapa, na upenyo wa milimita 3 unamtosha.

Ufa usiozidi milimita 6 unazibwa kwa silikoni. Kwangua silikoni ya zamani yote, futa vumbi, kausha. Hapa watu wengi huharibu kazi yao: silikoni ikipakwa juu ya vumbi au unyevu hubanduka yote kama ngozi baada ya miezi michache. Kata ncha ya chupa kwa mshazari, tundu liwe jembamba kuliko ufa, sukuma polepole ili iingie ndani badala ya kulala juu, kisha pitisha kidole chenye maji ya sabuni. Kama utapaka rangi juu yake, nunua ile inayokubali rangi, kwa sababu silikoni tupu huikataa. Ufa mpana kuliko hapo ujazwe kwanza kamba ya sifongo, au povu linalopanuka kwenye matundu ya mabomba na nyaya. Povu hilo hujaa mara kadhaa zaidi ya lilivyotoka. Jaza theluthi moja tu ya tundu, na usilitie kati ya fremu na dirisha linalofunguka, litalibana lisifunguke.

Matundu ya hewa hayazibwi, nyumba inahitaji kupumua, na bomba la moshi wa jiko au hita likizibwa linaweza kuua watu. Kwenye matundu ya kawaida ya dari weka wavu wa tundu dogo kama la chandarua, ukibanwa ukingo mzima. Wavu ulioning'inia upande mmoja ni sawa na hakuna. Chini ya mlango wa nje pigilia mpira au brashi inayogusa sakafu mwanzo hadi mwisho. Kagua hasa zile kona mbili, ambako huachwa nafasi.

Jambo moja la mpangilio: ukiwa tayari una vibibi ukutani mwaka huu, usizibe nyufa za nje kwa haraka ukadhani umewaweza. Nyufa za ndani zibe, ndizo zinazowaleta chumbani. Ni zile za nje za kuachwa mpaka joto lirudi na wao watoke wenyewe. Ukizifunga kabla, waliobaki katikati watatafuta njia ya kuja kwako.

SWALI: Mbwa wetu anawala. Tangu jana anatoa udenda mwingi na hataki chakula.

JIBU: Mfungueni mdomo mtazame juu, kwenye kaakaa. Vibibi hung'ang'ania pale kama mbegu, na maji yao huunguza nyama laini. Mkiwaona, waondoeni kwa kidole au kijiko butu, mmoja mmoja, kisha mpeni maji. Akiendelea kukataa chakula, akitapika, au mkiona vidonda, apelekwe kwa daktari wa mifugo leo hii, msingoje kesho.

SWALI: Mwanangu anasema idadi ya madoa ndiyo miaka ya kibibi. Kweli?

JIBU: Si kweli, ila mpeni hongera kwa kuhesabu. Buu la kibibi likishageuka kibibi kamili na kutoka kwenye ganda lake, anakuwa wa njano na hana doa. Saa chache baadaye madoa yanajitokeza, na idadi hiyo haiongezeki mpaka anakufa.