Mdalasini kwenye udi: usitafute moshi mzito

SWALI: Napika udi wa sukari wa kuuza hapa Nkuhungu, Dodoma. Safari hii nimetia mdalasini wa unga, vijiko vitano kwa kikombe cha vumbi la udi. Ukichomwa unawasha macho na kunuka kuni. Muuza dawa mmoja kaniambia niongeze mafuta ya mdalasini, eti moshi ukiwa mzito unafungua kifua cha watoto. Nifuate?

JIBU: Usifuate, dada yangu. Kwanza punguza huo mdalasini. Mimi natia kijiko kimoja tu kwa kikombe, tena sufuria ikiwa imeshaipuliwa na sukari imeanza kupoa, pamoja na marashi. Ukiutia sukari ikitokota, harufu yote inaishia jikoni.

Harufu ya mdalasini imo kwenye mafuta ya gome, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sinamaldehaidi, kemikali inayoleta harufu yenyewe. Kwenye kaa jekundu yanaruka mara moja, halafu unabaki unachoma gome la mti. Hiyo ndiyo kuni unayoisikia. Acha kaa livae jivu jeupe ndipo uweke kipande chako. Ukiona moshi mwembamba unapanda taratibu, hapo udi unanukia.

Na unga wa dukani achana nao, hujui kimesagwa nini. Nunua vijiti usage mwenyewe. Mdalasini mwembamba, wa tabaka nyingi kama karatasi iliyoviringishwa, huvunjika kirahisi mkononi. Ule mnene wa tabaka moja, mgumu, ni kasia, aina nyingine ya mdalasini; ni mkali zaidi, basi upunguze tena.

Sasa hilo la kifua. Limenichosha, maana silisikii kwako tu: wateja wananiletea maneno hayohayo kila mara, na nyuma yao kuna mtu aliyewauzia kichupa. Moshi wa mdalasini ni moshi kama mwingine. Una chembechembe ndogo zinazoingia hadi ndani ya mapafu, na mtoto mwenye pumu njia zake za hewa zinabana zaidi. Mama anamfunika mwanawe shuka juu ya chetezo, mtoto anakohoa, anaambiwa ugonjwa unatoka! Mtoto huyo apelekwe zahanati. Mafuta yenyewe yasipakwe kifuani pia, yanaunguza ngozi.

Juni na Julai ndiyo naogopa zaidi. Baridi ya Dodoma ikikaza, watu wanafunga madirisha na kuingiza chetezo chumbani, mkaa unawaka usiku kucha. Mkaa unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Udi unaponukia vizuri ndipo watu wanapodhani hewa ni salama. Waambie wateja wako wanapolipa: dirisha liwe wazi wakati wa kufukiza, na kabla ya kulala chetezo kitolewe nje, hata kama mkaa unaonekana umezimika.