Toa huo waya wa lehemu mdomoni kwanza, barakoa itasubiri

Mkuu, umeuliza ununue barakoa ya aina gani, pasi ya kulehemu uiweke nyuzi ngapi, na kama uhamie lehemu isiyo na risasi, ile metali yenye sumu. Halafu katikati ya maelezo ukapenyeza kwamba mikono yote ikiwa na kazi, waya unaubana kwa meno. Uache leo hii.

Aliyekwambia kuwa risasi inakuingia kwa moshi amekupotosha, kama alivyonipotosha mimi aliyenifundisha kazi, na inaniuma kuona watu bado wanarithishana uongo huo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na huchemka kwenye 1749. Ncha ya pasi inafanya kazi kati ya 320 na 370. Kwa joto hilo mvuke wa risasi ni kidogo mno. Moshi mweupe unaouona ni wa flaksi, utomvu wa msonobari unaoungua. Una ubaya wake, maana ukiuvuta kila siku unaweza kukuletea pumu, kwa hiyo fungua dirisha na uweke feni ya kuuvuta usipite usoni. Ila mtu anavaa barakoa, anajiona salama, kisha anaivua kwa vidole vilevile na kuanza kula.

Risasi inaingia kwa mdomo. Waya wa 60/40 ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Ushike dakika chache ukiwa kazini, kisha futa vidole kwenye karatasi nyeupe uone alama ya kijivu. Alama hiyo ina risasi, nayo unaihamishia kwenye kikombe, sigara na simu. Wewe hata vidole umeviruka, unaipeleka moja kwa moja ulimini. Mikono ikikosa nafasi, vuta waya kutoka kwenye roli, ukunje usimame wenyewe juu ya meza, halafu peleka kiungo kwenye waya badala ya waya kwenye kiungo. Au paka lehemu ncha zote mbili unazotaka kuunganisha kwanza, kisha ziunganishe kwa pasi tu.

Kitu kingine kinachosahaulika ni pampu ya kunyonya lehemu. Ifungue baada ya kazi: kuna vipande vinavyong'aa, na kandokando vumbi la kijivu laini kama poda. Vipande havisumbui sana, vumbi ndilo hatari. Watu huligonga mezani au hulipuliza, likarudi usoni. Ifungulie ndani ya kopo lenye karatasi iliyolowa, sukuma polepole, pangusa ndani kwa karatasi nyingine iliyolowa, funga kopo. Sponji ya kusafishia ncha nayo ina vumbi hilohilo, usiioshee kwenye sinki la vyombo. Kiungo kilichokosewa kiyeyushe upya, usikipige msasa. Meza usiifagie ikiwa kavu, ipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Kisha mikono: sabuni na maji yanayotiririka, pamoja na chini ya kucha, kila unapoinuka pale mezani, kabla hujagusa chakula, sigara au jicho. Vitakasa mikono vya spiriti haviondoi risasi. Vinaua vijidudu, na risasi si kijidudu.

Umesema pia meza iko chumba anachotambaa mtoto. Ihamishe. Mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja ya kumi ya risasi aliyomeza, mtoto anaweza kufyonza nusu, na inaharibu ubongo ambao bado unakua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Hata nguo ya kazi ibaki kazini, usimbebe ukiwa nayo. Kama kuna mjamzito nyumbani, risasi hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni.

Na kwa kuwa umeshaubana huo waya kwa miezi, nenda upimwe risasi kwenye damu, wewe na mtoto. Damu itolewe mshipani, kwa sababu tone la kidole chenye vumbi linaweza kutoa jibu la juu kuliko ukweli. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2021 kwamba ikifika maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Chanzo chako tayari unakijua.