Kabla hujalipia ziara ya kutembea na familia, ulizia mteremko

Kampuni nyingi za utalii huandika "rahisi" au "wastani" pembeni ya bei, basi. Rahisi kwa nani? Kwa mwongoza watalii aliyekulia mlimani, au kwa mama yangu ambaye magoti yanamsumbua tangu zamani?

Chukua ziara mbili ambazo kwenye karatasi zinafanana, zote za kutwa. Kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, Kilimanjaro, ni kama kilomita 8. Njia ni nzuri, ina kivuli cha msitu, na inapanda taratibu. Ila unatoka mita 1,800 na ushee hadi 2,700, na huko juu kichwa kinaweza kuuma wakati miguu bado inadai. Binti yetu wa miaka tisa alifika akirukaruka, akataka twende hadi kreta ya Maundi. (Kileleni mwa Kilimanjaro asingeruhusiwa, ni kuanzia miaka 10.) Baba yake alikuwa amekaa kwenye ngazi za kibanda, hataki hata kuiona chapati.

Maporomoko ya Sanje, Udzungwa, hayana shida ya hewa nyembamba. Shida yake ni joto la bonde la Kilombero, mpando mkali, mizizi na mawe yanayoteleza. Wengi huulizia kupanda tu. Kumbe magoti huisha wakati wa kushuka. Mama kuna mahali alishuka kinyumenyume, kamshika mwongozaji mkono, huku akituambia tusimpige picha.

Wenye watoto wadogo waanzie maporomoko ya Materuni, juu ya Moshi. Matembezi ni mafupi, na baada ya maporomoko kuna kutwanga na kukaanga kahawa, kazi ambayo watoto huigombania.

Popote uendako, swali zito ni hili: mmoja akichoka njiani, nani anarudi naye? Mwongozaji akiwa mmoja, ama mnarudi wote ama mtoto anaburutwa. Wa pili huongeza gharama, na wauzaji hawamtaji usipouliza. Mimi namlipia, hata kama ni kwa kupunguza hadhi ya hoteli.

Viatu: raba za kawaida zinatosha Materuni kukiwa kukavu. Sanje usimpeleke mtu na soli iliyolika, hata akikuapia kwamba amezizoea.