Kabla hujaweka famwea kwenye redio yako ya LoRa

Wanaoanza mambo ya LoRa, redio ndogo za kutumiana ujumbe mfupi bila mtandao wa simu, hapa Kisumu karibu wote huniuliza, "Ninunue bodi gani?" Jibu langu ni swali: utaongea na nani? Meshtastic na MeshCore ni famwea, yaani programu za kuendesha bodi, na huingia kwenye bodi zilezile, Heltec V3, RAK4631, T-Beam, lakini hazisikilizani kabisa. Ukiweka MeshCore na wenzako wote wako Meshtastic, umejinunulia saa ya mezani yenye antena. Kwa hivyo ulizia kwanza wenzako wanatumia ipi. Kama huna wenzako bado, endelea kusoma.

Meshtastic, iliyoanza 2020, imejengwa kwa dhana kwamba kila nodi, yaani kila kifaa kwenye mtandao, ni mrushaji. Ukituma ujumbe, waliokusikia wanaurudia hewani, na waliowasikia hao wanaurudia tena, hadi miruko 3 kwa kawaida au 7 ukipandisha. Huhitaji mpango wowote. Kikundi kinachozunguka tambarare ya Kano msimu wa mafuriko, leo Ahero kesho kando ya Nyando, kinawasha vifaa na kuanza kuandikiana. Kwa kazi ya namna hiyo sioni inayoishinda.

Bei yake ni hewa. Mpangilio wa redio unaokuja nayo, LongFast, unabeba takriban kilobiti 1 kwa sekunde, tena hiyo ni ya kugawana watu wote mnaosikiana. Kila nodi pia hujitangaza, hutoa mahali ilipo na hali ya betri yake bila kuambiwa. Nodi zikishakuwa nyingi mjini, matangazo hayo hula nafasi ya ujumbe wenyewe. Punguza mara za kutuma mahali ulipo, hasa kwa kifaa kilichofungwa ukutani. Ukuta hauhami.

Halafu kuna jambo la ROUTER, mojawapo ya majukumu unayoweza kuipa nodi kwenye mipangilio, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko wageni wanakoharibu mtandao wa wenzao wakidhani wanausaidia. Nodi ya kawaida ya CLIENT husubiri kidogo kabla ya kurudia ujumbe. Ikisikia mwingine ameshaurudia, inanyamaza. Nodi ya ROUTER haisubiri zamu, hutangulia, na hurudia kila mara. Sasa chukua mtu wa Nyalenda aliyeweka ROUTER dirishani, chini ya mabati, majengo pande zote. Ujumbe unatoka Dunga kuelekea vilima vya Riat. Ile ya dirishani inautangulia, majirani waliokuwa na nafasi nzuri zaidi wanaisikia na kunyamaza, mruko mmoja umeliwa na ujumbe haujatoka mtaani. Jina la ROUTER linavutia, najua. Liache kwa kifaa kilicho juu Riat, au kwenye ukingo wa Nandi unaoitazama Kano yote. Nyumbani weka CLIENT, na kama una vifaa viwili chumba kimoja, cha pili kiwe CLIENT_MUTE, kisichorudia ujumbe wa wengine.

MeshCore imeligeuza wazo hilo. Kwa kawaida kifaa cha mtumiaji hakirudii ujumbe wa wengine. Kazi hiyo ni ya repita, kifaa kilichowekwa mahali pamoja ili kurudia tu. Ujumbe wa kwanza kwa rafiki yako husambazwa kote, njia iliyofika hukumbukwa, na unaofuata hupita njia hiyohiyo tu. Hewa inabaki tulivu. Ina pia seva ya chumba, inayomhifadhia ujumbe aliyezima kifaa. Lakini bila repita pahali pa juu huna mtandao, na mtu anayehamahama huivunja ile njia, ujumbe ukalazimika kusambazwa upya. Angalia pia kwamba baadhi ya vipengele kwenye programu zake za simu ni vya kulipia.

Msimamo wangu: kikundi kidogo kisicho na paa wala mnara wa kuaminika kianze na Meshtastic. Mkishapata mwenye jengo refu aliyekubali kwa moyo mmoja, na kilima kimoja au viwili, MeshCore itawafaa zaidi. Reticulum, mfumo mwingine wa mtandao, ni ya wanaopenda kuandika programu; itakungoja.

Ukishaamua hivyo, bodi inajichagua. Ya kukaa juu na sola iwe na chipu ya nRF52840, ambayo hutumia umeme mara kadhaa chini ya chipu nyingine inayopatikana kwenye bodi hizi, ESP32. ESP32 ina Wi-Fi, kwa hivyo iweke nyumbani penye stima. Funga antena kabla ya kuwasha, kwani redio ikirusha bila antena inaweza kuungua. Betri ya kununua kivyake ipime kwa mita kabla ya kuchomeka: plagi inaweza kuingia sawasawa huku chanya na hasi zimebadilishana, na bodi ikafa palepale. Kompyuta isipoona kifaa, badilisha waya wa USB. Nyingi za madukani ni za kuchaji tu.

Masafa: Kenya LoRaWAN, mfumo mwingine unaotumia redio za LoRa, hufuata mpango wa Ulaya wa EU868 (karibu megahezi 868), nasi huchagua eneo hilo. Usiweke la Marekani ati kwa sababu video uliyotazama ilifanya hivyo. Masharti ya nguvu na matumizi ni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Yasome kabla ya kupandisha chochote mlingotini.

Toleo jipya likitoka, lijaribu kwanza kwenye kifaa cha mezani. Kusasisha repita ya Riat kwa Bluetooth kunawezekana, ila kukikatika njiani mara nyingi dawa ni waya, na waya unataka ngazi, boda na ruhusa ya mwenye paa.